Mimi na Daktari Tunavutana, Kamba Ni Mume Wangu

Mshauri wangu mpendwa, nipokee na mzigo wangu maana peke yangu nimeshindwa kuutua,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza juisi kwenye kibanda changu mwenyewe, mume wangu ni kinyozi, na kabla hujafikiri vibaya nikwambie kwamba ni mtu mzuri, hanipigi, halewi, hana mchepuko, na kama anao basi ananishinda kwa kutunza siri, jambo ambalo kwa sasa haliwezekani, maana siri niliyonayo mimi haina mwenzake mtaa huu wote.

Kabla hajanioa mume wangu alikuwa teja, alivuta unga mpaka akauza kitanda cha mama yake, na mnunuzi alipokuja kukichukua mama alikuwa bado amekilalia, hilo analisimulia mwenyewe na anacheka, mama hacheki. Kisha akaingia kituo cha kutibu mateja akaanzishiwa methadoni, ile dawa ya maji inayonywewa kila siku ili mwili usidai unga, na dawa hiyo ikamrudisha mtu, akafungua saluni, akanioa, na tangu hapo hajagusa unga, naapa kwa wanangu. Zamani alikuwa anakwenda kituoni kila asubuhi, anakunywa mbele ya nesi, halafu nesi anamwuliza, "Habari za nyumbani?" na lazima ajibu kwa sauti ndipo ijulikane amemeza na hakuificha shavuni akaiuze nje. Lakini kwa kuwa ametulia miaka mingi, siku hizi kila Jumatano wanampa chupa za wiki nzima, kila siku na chupa yake, anaziweka kwenye kisanduku cha kufuli, na kituo kilitaka mtu wa kuaminika nyumbani ashike ufunguo wa pili, basi mtu wa kuaminika akatafutwa akapatikana, naye ndiye mimi.

Cheka tu, najua unacheka.

Sasa dawa ile nayo ina mambo yake, mume wangu anatoka jasho hata akikaa chini ya feni, choo kikubwa anakipata kwa maombi, na mambo ya chumbani siwezi kukueleza yote kwa sababu gazeti lako mama mkwe analisoma, ila nikwambie tu kwamba siku hizi tukizima taa huwa tumezima taa kweli. Safari ya ghafla hatuwezi, lazima kwanza kituo kijulishwe, chupa zihesabiwe, barua iandikwe, utafikiri tunasafirisha dhahabu. Kaka zangu nao hawanyamazi, kila tukikutana wananiambia, "Shemeji katoka kwenye unga kaingia kwenye chupa, tofauti iko wapi?" nami natabasamu tu kama mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima.

Nilimwomba aache. Akajaribu mara moja, daktari akawa anampunguzia polepole, alipofika katikati akaanza kukosa usingizi na hofu ikamwingia, akaniambia, "Bibie, niache hapa nilipo. Hapa najijua. Nikishuka zaidi simjui nitakayekutana naye." Daktari akamrudisha alipokuwa. Mimi nikasema sawa, lakini moyoni nikasema huyu shida yake ni woga, mwili hauna neno, na asiyejua haogopi, basi dawa yake ni kutojua.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Mshauri, mimi ni mtu wa juisi, jagi moja naweza kulifikisha mbali sana na mteja bado akalamba midomo akaomba nyingine, kwa hiyo mume wangu akiwa kazini nikaanza kufungua kisanduku, namimina dawa kidogo kwenye sinki, naongeza maji palepale ilipopungua, rangi ikififia natia tone la sharubati, natikisa, nafunga, nafuta chupa kwa kitambaa, narudisha kila moja mahali pake. Mpango wangu ulikuwa nipunguze taratibu mpaka chupa iwe maji matupu, halafu siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu nimkalishe mbele ya watoto nimwambie, "Mume wangu, hongera, umeshaacha! Ulikuwa unakunywa maji!" Keki nilishaagiza, itaandikwa HONGERA BABA.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kisha kinyozi wangu akaanza kupiga miayo. Miayo peke yake si kosa, lakini miayo ya mtu aliyeshika wembe ni habari nyingine, na baada ya miayo zikaja chafya, chafya za mfululizo, makamasi, vinyweleo vinamsimama mchana wa jua kali, na hasira juu yake, yeye ambaye hata nzi alikuwa anamwomba apishe. Mteja wake wa miaka yote, mwalimu mstaafu, aliketi kunyolewa ndevu, mume wangu akashika wembe akaanza, "Ha... haa..." mzee aliruka na kitambaa shingoni mpaka barabarani, akasimama huko akasema, "Fundi, maliza chafya zako kwanza! Mimi nakusubiri huku huku!" Mwingine alijitazama kwenye kioo akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akauliza, "Samahani fundi, umeninyoa au umenilima?"

Mume wangu akarudi kituoni akawaambia dawa haimshiki. Nesi akamwuliza, "Umerudia unga?" Akasema hapana. Wakampima mkojo, safi. Nesi akasema, "Basi unauza dozi zako." Akajibu, "Dada, mimi nauza kunyoa tu." Daktari akaona arosto ile, yaani mwili unavyodai dawa, si ya kuigiza, akampandishia dozi. Mimi kuona chupa zimekuja na kipimo kikubwa nikamimina zaidi. Akarudi kulalamika, daktari akapandisha tena, nami nikamimina tena, na sasa mimi na daktari tunavutana, hatujawahi hata kusalimiana, na kamba ni mume wangu.

Kilichonifanya nikuandikie ni juzi. Alifunga saluni mapema, akaja akakaa kwenye ngazi ya mlangoni bila kuvua viatu, akasema, "Nimemwona Mkia leo." Mkia ni mwenzake wa zamani wa unga, wamempa jina hilo kwa wembamba. Nikamwuliza, kasemaje? Akanijibu, "Yeye hakusema kitu. Miguu yangu ndiyo iliyosema. Ilitaka kumfuata, bibie. Sielewi. Nakunywa dawa yangu yote, kila siku, hata tone silimwagi, na miguu inataka kumfuata." Mimi nikamwambia ngoja nikuchemshie tangawizi.

Naomba unishauri, je, nimalizie tu, maana naona tumebakiza kidogo na kuteremka katikati ya mlima ni hasara, au nimwambie, na kama ni kumwambia nitumie maneno gani asije akanirudisha kwetu? Halafu kuna jambo dogo la mwisho, Alhamisi nasafiri kwenda kwa dada yangu aliyejifungua, nitakaa wiki, na sijui kama niamke mapema nimchanganyie chupa zote mpya kabla sijaondoka au nimwache wiki hiyo anywe zake kamili kama zilivyotoka kituoni, apumzike kidogo, maana kusema kweli namwonea huruma.

Ni mimi mwenye mkono mwepesi,
Mke wa Kinyozi


JIBU

Mke wa Kinyozi,

Nimekupigia mara mbili hupokei, bila shaka blenda inanguruma, kwa hiyo jibu hili nalituma kwenye simu yako leo hii Jumanne, siku barua yako ilipofika. Wasomaji wengine watasubiri. Halitaingia gazetini mpaka mumeo mwenyewe aseme liingie. Zima blenda usome.

Nimekaa kwenye kiti hiki muda wa kutosha. Nimeandikiwa na bwana aliyejifanya kiziwi ili mama mkwe wake ahame, na mama aliyemposea mwanawe wachumba wawili kwa mpigo ili abaki na akiba. Nilidhani darasa nimelimaliza. Kwenye keki nilicheka, sikatai. Nilipofika kwenye "jambo dogo la mwisho" nikaacha kucheka, nikampigia daktari anayetibu watu wa methadoni, nikamsomea barua yako bila kukutaja. Hakuningoja nifike mwisho. Alisema, "Anasafiri? Mwambie asisafiri kabla hawajafika kituoni."

Jambo dogo lako ndilo jambo lenyewe, bibie. Hayo mengine ni maelezo.

Mwili wa mumeo umeteremka. Umeuteremsha wewe, kijiko kwa kijiko, na sasa umezoea kile kidogo unachomwachia. Daktari naye, kwa kuwa hajui kuna mtu mwenye mkono mwepesi, amekuwa akipandisha. Dozi iliyoandikwa kwenye chupa za Jumatano ni ya mtu ambaye hayupo tena. Mtu huyo ulimmwaga kwenye sinki. Ukisafiri ukamwachia chupa kamili "apumzike kidogo", ataipata nguvu yote kwa mkupuo, na dawa hii haitoki mwilini haraka; ya leo inaikuta ya jana bado imekaa, zinaungana. Mtu anakuwa mzito. Anasinzia akiwa ameketi. Usiku anakoroma mkoromo usio wake, midomo inabadilika rangi, pumzi zinakuja kwa mbali, kisha haziji. Watoto watadhani baba amechoka. Wewe utakuwa kwa dada yako umebeba mtoto mchanga. Ndiyo mapumziko unayotaka kumpa.

Na hilo lingine, la kumchanganyia zote kabla ya kuondoka, usiliite uamuzi. Ni kumwacha na arosto wiki nzima, mkewe hayupo, Mkia yupo. Akirudia unga kwa mwili uliopoa, kipimo chake cha zamani kitamwua kabla hajatoka alipokaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga kibanda. Nenda saluni sasa ukamtoe, mteja ndiye asubiri. Chupa ya leo kama hajainywa asiiguse, na kama ameshainywa nendeni vilevile. Chukua kisanduku na chupa zote zilizobaki, nenda naye kituoni, na mbele ya daktari sema ulichokuwa unafanya, tangu lini, na kwa kadiri unavyokumbuka ulikuwa unamimina kiasi gani. Usipunguze ili uonekane mwema. Umeshapunguza vya kutosha. Daktari ataanza upya kwa kipimo kilicho salama na huenda akataka mumeo arudi kunywa mbele ya nesi kwa muda. Ni sawa. Usijaribu kumrudishia mwenyewe kidogo kidogo nyumbani eti umetengeneza. Wewe ni fundi wa juisi, hesabu hii si yako. Ukiwa hapohapo omba mfundishwe dalili za dawa kuzidi, na uulize ile dawa ya kuzindua mtu aliyezidiwa kama mnaweza kuwa nayo nyumbani. Ikitokea haamki ukimtikisa, usimmwagie maji, usimpe maziwa, usimwache alale "itapita". Piga kelele, ita gari, hospitali.

Sasa nikukaripie kidogo, maana umelilipia gazeti.

Unasema asiyejua haogopi. Kweli. Asiyejua pia hajiokoi. Mumeo amekuwa anapita kila mahali akisema kweli. Kamwambia nesi kweli, kamwambia daktari kweli, kakwambia wewe kweli pale kwenye ngazi, viatu miguuni. Mtu aliyewahi kuuza kitanda chini ya mama yake ana kazi kubwa ya kuaminiwa, na yeye kazi hiyo aliifanya miaka mpaka akapewa chupa za kwenda nazo nyumbani. Mkojo umemsafisha, mkewe amemchafua. Leo kuna nesi anayemtazama kama muuza dozi, na mtu pekee anayejua kwamba si kweli anachemsha tangawizi. Kwa nesi huyo utakwenda mwenyewe, kwa mdomo wako, siyo kwa kumtuma mumeo akuelezee.

Halafu uliudharau woga wake. Alipokwambia "hapa najijua", ulisikia mtu mwoga. Mimi nilisikia mtu anayejua ngazi yake imefika wapi na ardhi iko wapi. Kuacha methadoni inawezekana, wapo walioacha, lakini mwenye kuteremka ni lazima ajue kwamba anateremka. Anashushwa kidogo sana, anakaa hapo mpaka mwili unyamaze, anashushwa tena, na siku akiona giza anasimama au anarudi juu bila aibu. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua zaidi, na wengine hawateremki kabisa na wanazeeka wakicheza na wajukuu. Mama mkwe wako akimeza kidonge cha presha kila siku humwiti teja wa presha. Kaka zako wakiuliza tena tofauti iko wapi, waambie unga ulimfanya auze kitanda na chupa imemfanya anunue. Kisha wape juisi, isiyoongezwa maji.

Usidhani sikusikia shida yako. Umeishi na ratiba ya kituo, jasho la mumeo, midomo ya kaka zako na taa zinazozimwa kweli, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza wewe uko vipi. Hilo linachosha, na una haki ya kulisema. Lakini kila moja ya hayo lina dawa yake ambayo si sinki. Choo kigumu kinatibika, daktari amekizoea, hashangai. Jasho vilevile aelezwe. Na ya chumbani, nendeni pamoja mkaseme, kwa maana dawa hii inajulikana kwa hilo na yapo ya kufanya. Ukiona haya wewe, aseme yeye, kinyozi hukosa maneno lini? Safari ombeni mapema. Na kama baada ya yote hayo bado unatamani siku moja awe huru na chupa, mwambie hivyo ana kwa ana, mara moja, kisha mwachie yeye aamue lini. Dozi ni yake. Mwili ni wake. Wewe ulipewa ufunguo tu. Leo uukabidhi kituoni bila kungoja uombwe.

Dada yako aliyejifungua mpigie, mwambie utachelewa. Mtoto mchanga hana mpango wa kwenda popote.

Uliniuliza maneno ya kutumia. Usitafute maneno mazuri. Mwite nyuma ya saluni, hakikisha wembe ameuweka mezani, useme, "Nimekuwa nikimwaga dawa yako na kuongeza maji. Dozi iliyoandikwa siyo unayokunywa. Hukukosea kitu. Twende kituoni sasa hivi." Usianze na "unajua nakupenda", atadhani umevunja mashine ya kunyolea. Usilie ili akubembeleze, leo si zamu yako. Na la kurudishwa kwenu usiliulize leo. Hilo ni swali la mke anayetaka kujua yeye atapona vipi, na mgonjwa si yeye.

Atakasirika. Huenda akapaza sauti mpaka yule mwalimu mstaafu akimbie kwa mara ya pili. Huenda njia nzima akatembea mbele na wewe nyuma umebeba kisanduku kama umefiwa. Mwache akasirike, leo, kesho, wiki nzima akitaka, na usimwombe apunguze. Mtu mwenye hasira anapumua.